Pete

Waliotufunza, ukumbi wa kanisa, Malaba,
walichora kwa chaki: nukta moja katikati,
duara kuizunguka, na duara jingine nje.
"Huyu ni mgonjwa. Hawa wamemgusa.
Hawa wamewagusa waliomgusa.
Chanja hawa wote, moto ukose nyasi."
Chaki ikavunjika. Tukacheka. Ilikuwa Januari.

Machi, nukta ikapata jina.
Omuse, dereva wa trela, miaka arobaini na mmoja,
alilala siku tatu kwenye foleni ya mpaka
akidhani ni malaria.

Nikapewa daftari, kalamu mbili, na baiskeli ya mtu.
Nikauliza maswali ambayo hata shemeji haulizi:
Nani alimpa maji? Nani alifua shuka?
Nani alimshika mkono akishuka?
Turniboi wake, Ekirapa: wa kwanza.
Kinyozi aliyemnyoa Jumanne: wa pili.
Mama mkwe, aliyemfuta jasho kwa leso yake: wa saba.
Akisa, bintiye, aliyelala miguuni pake: wa nane.
Mchungaji aliyemwekea mikono: wa kumi na mbili,
naye akataka tuandike kwanza cheo chake.

Chanjo ilifika usiku kutoka Kisumu
ndani ya mtungi unaofuka moshi wa baridi,
baridi ambayo Malaba haijawahi kuilipia umeme.
Ikishayeyuka hairudi nyuma.
Muuguzi Wabomba aliibeba kama mayai ya kuazima.

Kumi na wanane duara la ndani.
Tisini na sita duara la nje.
Nilihesabu mara tatu, watu wakatimia,
saa ndizo hazikutimia:
tangu Jumamosi saa mbili usiku
hadi Jumapili saa nne asubuhi
Omuse hakuwa kwenye trela,
wala nyumbani, wala kliniki.
Ekirapa akaangalia viatu vyake.
"Muulize mama Akisa," akasema.

Asekenye alikuwa ameketi mlangoni,
mkono umevimba kidogo palipodungwa,
akichambua maharagwe yasiyo na wa kupikiwa.
Nikamweleza tena habari ya duara,
kwamba duara lenye mwanya si duara,
ni njia.
Akachambua. Jiwe moja, pembeni. Jiwe la pili.
Nikafunga daftari lisije likamtazama.

"Nabwire," akasema.
"Anauza chai nyuma ya mizani ya malori.
Ana mtoto wa kiume. Masikio ni ya Omuse."
Akaizungusha pete kidoleni. Haikutoka.
"Miaka sita najua. Miaka sita sijalitamka.
Andika kwa wino. Usiandike kwa penseli."

Tulimkuta Nabwire akipuliza moto.
Hakuuliza nani kamtaja.
Akakunja mkono wa blauzi, kisha wa shati la mtoto,
na mtoto akalia kilio cha kawaida kabisa,
kilio cha sindano.
Nilikipenda kilio kile.

Sitasema chanjo ni muujiza.
Inataka siku kama kumi kujenga ukuta wake,
na kuna miili ambayo ugonjwa huiwahi
fundi akiwa bado anachanganya saruji.
Omuse hakutoka hemani.
Mama mkwe akamfuata, ndani ya mfuko mweupe,
sisi kando, wimbo ukivuka kamba ya njano.
Waliobaki: kipimajoto asubuhi, kipimajoto jioni,
siku ishirini na moja,
kama mahari inayolipwa kwa senti.

Siku ya ishirini na mbili nikarudisha baiskeli.
Nilipita njia ya mizani.
Wanawake wawili, benchi moja la chai.
Hawakuwa wakizungumza.
Mmoja alimimina.
Mwingine, mwenye pete, akakichukua kikombe kidogo,
akakishika kwanza kwa viganja vyote viwili,
akapima kama kinachoma,
ndipo akakisukuma kwa yule mtoto
mwenye masikio.