Kikohozi Msumarini

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzima feni.
Fundi Shekue akiinua kidole, nazima.
Akikishusha, nawasha.
Na baina ya kidole kupanda na kidole kushuka
chumba chetu cha Kibokoni kilikuwa chungu jikoni:
magodoro ya sufi ukutani, trei za mayai darini,
mpiga fidla jasho likimtona juu ya nyuzi,
na Bi Mwanakheri, leso yake ya pili mabegani,
akiimba kama mtu asiyejua kuwa ni Februari.

Wenzake walikuwa na majina. Yeye alikuwa na masikio.
La kulia aliliita Hakimu.
La kushoto, lililoguswa na homa utotoni, Shahidi.
"Hakimu ameridhika," husema, "lakini Shahidi ana neno,"
basi sote twarudi mwanzo,
na feni nayo.

Mashine ya mwangwi hakuwa nayo. Alikuwa na birika
chini ya nyumba, la maji ya mvua, la kale,
kavu tangu mifereji ya manispaa ifike mtaani.
Aliteremsha spika kwa kamba ya makumbi,
maikrofoni upande wa pili, imevishwa soksi;
sauti ikashuka bibi harusi,
ikapanda mjane.
Walikuja mabwana wa kampuni kutoka Nairobi
kuuliza mtambo huo ni wa Japani au wa Ujerumani.
Akawapa kahawa, akawapa kashata.
Jibu hakuwapa.

Kunguru ni kisa kingine.
Ubeti wa tatu, pale Bi Mwanakheri ameshusha sauti
hadi wasikia bangili zake zikigusana,
kunguru akatua dirishani akatoa lake, mara moja: kraa.
Mpiga udi aliweka udi chini.
Bi Mwanakheri akaulaani ukoo mzima wa ndege yule.
Fundi alikuwa bado amefumba macho.
"Yeye kaingia kwa wakati," alisema. "Nyinyi ndio mmechelewa."
Wimbo ukatoka vivyo hivyo. Na hadi leo, harusi za Majengo na Bondeni,
ubeti wa tatu ukifika, wanawake huweka sahani chini,
wote kwa pamoja: kraa,
na bendi isiyojua hilo hailipwi salio.

Lakini wembe alikuwa nao. Msidhani hakukata.
Aliushika ukanda kama mtu atafutaye mwiba
kidoleni mwa mtoto, chwa, akaunga, na hakuna ajuaye.
Siku moja alikata kikohozi cha Ngumbao, mpiga dumbaki,
kipande kisichozidi urefu wa kiganja,
akakitundika msumarini.
Nikauliza, cha nini?
"Ni cha mtu," alisema. "Si changu kukitupa."

Ngumbao alifariki mwaka wa mvua kubwa.
Kanda zake zilijaa maduka ya Mwembe Tayari,
mjane wake hakutaka hata moja.
Humo ni mikono tu, alisema.
Fundi akakitoa kile kipande msumarini, akakipuliza vumbi,
akakiunga baina ya kanda mbili tupu.
Akainua kidole. Nikazima feni.
Kikapita, mara moja, kidogo,
na mama yule akasema: "Rudisha."
Sikuwasha feni mpaka alasiri.

Jina la Fundi halimo kwenye jalada lolote. Nimetafuta.
Mpwa wangu sasa ana studio Nyali,
kiyoyozi chake hakisemi kitu,
na juzi alinisikizisha ule wimbo, ameutakasa kwa kompyuta:
hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo, hakuna kunguru.
"Takataka zote zimetoka, mjomba."
Nikamuuliza amezitundika wapi.
Akacheka.
Ana masikio mazuri yule kijana,
yote mawili mahakimu.