Paka Juu ya Boneti

Uyole, alfajiri, baridi inatafuna masikio.
Nimewahi makusudi:
injini ihojiwe ingali usingizini,
kabla haijafundishwa la kujibu.

Alfa ya Kitaliano, nyekundu, milango minne.
"Ilikuwa ya padri," anaapa Mwaisumo,
"kanisani na kurudi."
Mbona pedali ya klachi imelika kama kandambili?

Napiga goti kwenye majani mabichi.
Nachomoa kijiti cha oili, nakinusa.
Nafungua kifuniko cha maji, natafuta utando wa rangi ya maziwa:
hamna.
Na mkanda wa taimingi? "Ulibadilishwa."
Lini?
Anatazama Mlima Loleza
kana kwamba risiti imebandikwa kule.

Zuri, sikatai. Hata kutu yake ina adabu,
imejificha chini ya zulia.
Moyo umeshakaa kwenye usukani,
umeshashika njia ya Tukuyu, kona baada ya kona.

Lakini kila gari hapa uani lina umande
isipokuwa hili,
na paka wa jirani amejikunja juu ya boneti,
anakoroma.

Naweka kiganja kando yake.
Joto.
Mwaisumo anakohoa.
Narudisha bahasha mfuko wa ndani,
namkuna paka shingo:
fundi, nikulipe nini?