Safu ya Jumatano

Miaka ishirini na mitatu, kila Jumatatu usiku,
Msellem Famau aliandika juu ya meza ya cherehani ya mamake,
Kibokoni, ghorofa ya pili,
karatasi kazikandamiza kwa mkasi zisipeperuke.

Serikali tatu alizipima kwa kalamu.
Ya kwanza ilimwita kijana mwenye kipaji.
Ya pili ilimwita kituoni.
Ya tatu ilimwita mheshimiwa,
ikamletea kadi ya karamu;
akaikunja, akaitia chini ya mguu mfupi wa meza.

Redioni sauti yake ilivaa kanzu na kofia:
"Kwa upande mmoja... kwa upande wa pili..."
Na mamake, akishona kifungo, hukijibu kile kisanduku:
"Na upande wetu huu, mwanangu,
maji yatapanda lini?"

Alikosea, tena si mara moja.
Aliyemtabiria kushindwa
alipita kesho yake barabara ya Digo, ving'ora vikilia,
na wauza mahamri wakamwambia: "Mchambuzi, chambua na hii!"
Akacheka nao. Akanunua sita.

Riwaya yake haikwisha.
Kila ikifika sura ya saba nchi hufanya jambo,
naye huiacha, akaenda kulieleza.

Juzi nimefungua droo ya cherehani.
Chini ya bobini na vipande vya chaki,
safu moja haikupelekwa gazetini,
mwandiko umelala upande kama mtu anayesikiliza:

"Leo sina uchambuzi.
Saa tisa usiku bomba limekohoa.
Mama kaniamsha.
Tumejaza hadi sufuria za harusi."