Alhamisi, Saa Kumi na Moja

Ketill aliacha mpira wa mikono mwezi wa Oktoba.
Hakugombana na mtu. Aliacha tu,
kama mtu anavyoiacha chai ipoe
huku akisikiliza jambo chumba cha pili.

Tulidhani ni mapenzi. Bergdís alidhani ni bangi.
Kisha akatuambia, kwa adabu kabisa,
kwamba jokofu la mama yake linamwita kwa jina.

Muuguzi wa Ísafjörður hakutupa hotuba.
Alisema: msibishane na sauti, wala msizikubali.
Muulizeni kama amekula.
Na nafasi yake asiikalie mtu.

Basi kiti cha nyuma, kushoto, kikawa chake,
na taulo lake la mistari juu yake,
akija, asipokuja.

Alhamisi nne tuliegesha chini ya dirisha lake,
theluji ikijaa kiooni,
injini ikinguruma dakika kumi.
Pazia halikutikisika.
Hatukupiga honi. Tulimwandikia:
tupo chini, tunaenda kuogelea,
kuongea si lazima.
Tukaondoka.

Ya tano akashuka,
kiatu kimoja chake, kimoja cha kaka yake.
Hatukuuliza.

Kwenye handaki la kwenda Suðureyri njia ni moja;
ukiona taa mbele, unajibanza ubavuni mwa mwamba
umpishe anayekuja.
Tulijibanza mara tatu.
Mara ya tatu akasema, "Laiti na zangu zingejua kupisha."
Kimya. Halafu Bergdís akacheka,
halafu yeye.
Kicheko kile, Mungu wangu, kilikuwa na kutu.

Majini, mvuke hadi kidevuni, barafu nyweleni,
wazee wawili walikuwa wakiilaani bei ya chewa.
Mmoja akamgeukia: "Wewe mtoto wa nani?"
Akamtaja mama yake. Akamtaja babu.
"Babu yako hakunirudishia koleo langu,"
mzee akasema, na Ketill
akaahidi kulitafuta.

Sisemi amepona. Kuna vidonge, kuna unene wa vidonge,
kuna usiku ananipigia saa tisa
kuniuliza kama mimi ni mimi.
Ni mimi, namwambia. Umekula?

Jana hakushuka.
Dakika kumi, theluji, pazia.
Taulo lilikwenda, likarudi kavu.
Ila yule mzee, shingo nje ya maji,
alitazama mlango nyuma yetu kwa muda mrefu,
akauliza:
"Na koleo langu liko wapi?"