Mikrogramu Kumi

Ukungu wa Songwe ulikurudisha Dar mara mbili.
Siku ya tatu ndege ikapata tundu la kutua
nami nikakupokea dirisha la mizigo:
sanduku kubwa kama la televisheni
na ndani yake, chini ya ukoko wa barafu kavu,
wewe,
kichupa cha kofia ya bluu, mikrogramu kumi,
hata tone halionekani.
Karani alikitikisa. "Mbona tupu?"
Si tupu, kaka. Usitikise.

Lebo yako niliisoma garini tukiipita Mbalizi:
Protini ya binadamu.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi:
Si kwa matumizi ya binadamu.
Nilicheka hadi Ambokile akapunguza mwendo.

Hukuzaliwa na mtu.
Walinakili maneno yako kutoka kwetu
wakampandikizia bakteria wa utumbo,
naye, bila kuuliza, akakufinyanga usiku kucha
katika mchuzi wa chumvi na hamira,
akiitamka sawasawa lugha asiyoijua
kama mtoto wa altareni na Kilatini chake.
Kisha wakampasua,
wakakuvuta kwa mkia wa histidini sita
waliokufunga makusudi, kamba ya ndama mnadani.
Mkia bado unao. Sijui kama unakuwasha.

Kazi yako naijua. Huandiki. Hujengi.
Unapapasa uzi mrefu wa DNA gizani
mpaka vidole vikutane na zile herufi zako,
hapo unakaa. Basi, umekaa tu,
na wanukuzi wanakuja, na jeni iliyolala inaamka.
Kama mama Tusekile wetu wa Isyesye:
msibani hapiki, hachoti maji,
ila akishaketi mkekani
ndipo sufuria zinapopanda mafigani.

Usiku ule ule umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza:
dizeli iliandikiwa barua, barua iko kwa mhasibu.
Friza ikaanza kulia.
Hasi themanini. Hasi sabini na moja. Hasi sitini na nne.
Nje Loleza imejifunika gubigubi,
sakitu inaunguza viazi kule Uyole,
na sisi wa Mbeya Juni hii tunaiita baridi.
Kwako ni tanuri.

Nikakutia kwenye chupa ya chai
pamoja na makombo ya mwisho ya barafu kavu,
kifuniko nikakilegeza ipate kupumua,
tukakaa sakafuni, mimi na koti juu ya koti.
Ndipo nikawaza: mkono huu ulioshika chupa
umejaa ndugu zako.
Wapo juu ya nyuzi zangu sasa hivi, kazini,
hawana lebo, hawana bei,
hakuna anayeandika halijoto yao.
Wewe peke yako ni mshahara wangu wa miezi miwili.
Wao mama alinipa Kiwira, kwa ndizi na maharage.

Jumatano nikakuchanganya na kipande cha uzi,
nikawapitisha kwenye jeli.
Uzi ulioshikwa hukimbia polepole,
mkanda wake hubaki nyuma.
Profesa Mwaisumo akainama. "Naona kitu."
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Au ni jicho."
Mimi nilikiona: kivuli chembamba
juu kidogo ya wenzake,
kama mtu aliyebaki kanisani wote wakishatoka.

Kwenye daftari la friza nimejaza tarehe,
saa, nyuzi, sahihi yangu.
Safu ya maoni ina upana wa vidole viwili.
Niliandika: Alilala kwenye chupa ya chai.
Msimamizi amekata "alilala" kwa kalamu nyekundu,
kaandika juu yake: "ilihifadhiwa".