Dirisha la Tatu

Waraka umeshuka na muhuri wake:
"Jina lisiwe tusi, lisiwe bidhaa,
lisimdhalilishe mtoto."
Nimeubandika kwenye kioo, hapa usajili, Mombasa.

Na sikuuona mbaya. Juzi baba mmoja wa Mikindani
alitaka bintiye aitwe Bili,
kwa kuwa hospitali ilimzuia mama siku kumi na moja.
Nikamwambia: deni hulipwa likaisha, jina je?
Akajikuna kisogo, akaandika Faraja.
Siku ile nilirudi nyumbani nikiipenda serikali.

Leo kaja Mwanatumu wa Kisauni,
leso imelowa maziwa kifuani.
"Jina?"
"Jaa."
"Jaa lipi?"
"La taka. Andika."
Nikamwonyesha waraka. Hakuutazama.

"Wa kwanza nalimwita Sultani. Arubaini hakutimiza.
Wa pili, Lulu. Lulu hufichwa, mimi nikamuanika.
Huyu nyanyake kamlaza jaani alfajiri,
jirani kamuokota, kaniuzia kwa kibaba cha mchele.
Mauti hayaokoti taka.
Nawe wataka nimpambe, aonekane?"

Nikanyanyua kalamu, nikaishusha.

Shuleni Tononoka walinizunguka wakiimba: si kitu, si kitu!
Mwalimu akiita orodha, darasa zima likiitika kabla yangu.
Nilipotimiza kumi na minane nikaleta fomu ya kubadili jina.
Mama akaisoma hadi mwisho, asiseme neno,
ila akanihesabia kwa vidole walionitangulia,
wenye majina ya kupendeza.
Vidole vinne.
Fomu ningali nayo. Haijajazwa.

Sheria iwepo. Nasema kweli, iwepo,
maana yuko mtoto atakayebeba mzaha wa babake hadi kaburini.
Lakini kuna tusi lililo tusi na tusi lililo hirizi,
na aliyeandika waraka
hajapata kumnunua mwanawe.

Foleni inanung'unika. Mtoto anapiga chafya.
Mwanatumu anaisoma beji yangu, herufi moja moja:
"Si-ki-tu." Anatabasamu.
"Kumbe nawe."

Namsogelea kwenye kitundu cha kioo, nanong'ona:
"Nikitia H hapa katikati, itasomeka Jaha.
Wakubwa wataridhika. Nyumbani mwiteni mpendavyo."

Anafikiri. Anamfunika mtoto uso.
"Na mauti," aniuliza, "yajua kusoma?"

Msimamizi anapita na kikombe chake cha chai.
Kalamu yangu ingali juu ya karatasi,
baina ya A na A.