Kumi na Nne, Kumi na Moja

Mjomba Mursal alitengeneza redio Tororo,
kibanda cha mabati nyuma ya stesheni,
vumbi la saruji likitua juu ya valvu na waya
hata koleo lake likaota mvi.

Santuri ya kwanza aliinunua dukani kwa Menezes.
Ilitoka London, ikashuka Mombasa, ikapanda treni.
Vijana wanne wameketi juu ya mapipa,
makoti ya namna moja, hakuna anayecheka.
Nyimbo kumi na nne. Saba huku, saba kule.

Ya pili aliiacha mwalimu wa Kimarekani,
malipo ya redio iliyokufa mara tatu katika msimu mmoja wa mvua.
Vijana walewale, mapipa yaleyale,
ila picha imepakwa rangi ya chungwa
na herufi zake zinapiga kelele kabla ya sindano.

Mjomba akaziinamisha kwenye taa,
akahesabu kwa ukucha vile vijia vya kimya kati ya wimbo na wimbo.
Akahesabu tena.
“Kumi na moja,” akasema. “Mmarekani kapunjwa.
Tajiri kutushinda, na bado kapimiwa kwa kibaba kilichobonyea.”

Usiku ule tulizipiga zote mbili,
yeye kwenye sindano, mimi kwenye penseli.
Wimbo wa tano wa London ndio unaofungua Amerika.
Ule wa polepole, uliomfanya dada yangu Zamzam
aiache posho iungue, haumo.
Na sauti! Ng'ambo huko kuna mtu
aliyeongeza mwangwi,
kama muuza maziwa aongezavyo maji
akiamini ndama hatasema.

“Na zile tatu zimekwenda wapi?” akauliza Zamzam.
“Hazitupwi, binti. Watazichanganya na masalio mengine,
watazivika jalada jipya, watazipa jina
wasilolijua hata wenyewe waliozipiga.
Hukumwona Menezes na vipande vyake vya sabuni?”

Kweli, mwaka wa pili mwalimu mwingine alikuja nayo.
Wimbo wa Zamzam ulikuwa humo,
wa mwisho, upande wa pili,
umebanwa na nyimbo zisizojuana.

Sabini na tisa, nasi tulipangwa upya.
Baba akaangukia upande wa Sudan,
mimi na Mjomba tukavuka hadi Bungoma,
Zamzam akapelekwa Kibera kwa shangazi,
akapewa jina la mume wa shangazi ili apate shule.
Wawili hawakuingia katika orodha yoyote.
Siwataji.
Nyumbani kwetu tukifika hapo tunaruka,
kama sindano.

Amerudi safari hii na watoto watatu
wanaosema Kiswahili cha Nairobi, chepesi, cha kukatakata maneno.
Kicheko chake nilikijua mlangoni,
lakini kimeongezwa kitu, kinabaki chumbani
baada ya yeye kunyamaza.

Mdogo wao amezikuta karatasi zangu za penseli, safu mbili.
“Sasa ipi ndiyo ya kweli?”
Nilitaka kusema ya London. Ulimi ulikuwa tayari.
Kisha nikamfikiria msichana fulani wa huko Amerika,
aliyependa kwa mara ya kwanza kwa nyimbo kumi na moja,
ambaye wa tano kwake ndio wa kwanza,
na ukimwimbia utaratibu wetu
atakuambia umekosea.
Sikumjibu mtoto.

Ya London ilipotelea njiani, Malaba, ndani ya mzigo wa godoro.
Imebaki hii ya chungwa, jalada limeliwa na mchwa
hadi kwenye magoti ya vijana.
Tumeiweka. Inakwaruza, inasonga.
Tumefika pale ambapo wimbo wake ungekuwepo:
kijia cha kimya, upana wa ukucha.

Zamzam ameanza kuuimba hapo,
nusu ya maneno kayasahau,
na wimbo uliofuata ulipoingia
hakuupisha.